Mtawanyo wa Kimataifa: Soko la Nyumbani Linapoyumba

Tarehe 29 Desemba 1989, siku ya mwisho ya biashara ya mwaka ule katika Soko la Hisa la Tokyo, fahirisi ya Nikkei 225 ilifunga kwenye pointi 38,915. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imepoteza karibu pointi 15,000, na kilele kile hakikufikiwa tena hadi Februari 2024. Mjapani aliyeweka akiba yake yote katika hisa za nyumbani alisubiri miaka 34, hata kama alimiliki kampuni hamsini au mia, kwa kuwa zote zilitegemea uchumi uleule. Katika kipindi hichohicho fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilipanda kutoka pointi 353 hadi zaidi ya 5,000.

Kinga dhidi ya mkasa wa namna hii ndiyo inayoitwa mtawanyo wa kimataifa, yaani kugawa uwekezaji katika masoko ya hisa ya nchi mbalimbali ili mtikisiko wa nchi moja usiangushe akiba yote. Wako wanaopendelea kusema mseto. Neno hilo limezoeleka, lakini mchele na choroko vikiwa sufuria moja huungua pamoja. Mtawanyo lafaa zaidi, maana linadai umbali.

Umbali huo hupimwa kwa uwiano, yaani kiasi ambacho masoko mawili hupanda na kushuka pamoja. Mwaka 1974 mtaalamu wa fedha Bruno Solnik alionyesha kwamba hisa zilizotawanywa katika nchi kadhaa huyumba kidogo kuliko idadi ileile ya hisa za nchi moja.

Hata hivyo, kinga hiyo ina kikomo. Mwaka 2008 S&P 500 ilishuka kwa asilimia 38 na Nikkei kwa asilimia 42, na Nairobi nako fahirisi ya hisa 20 ikapoteza zaidi ya theluthi moja. Hofu inapoenea dunia nzima, wawekezaji huuza kila kona kwa wakati mmoja. Mtawanyo hulinda vizuri zaidi dhidi ya unyonge wa nchi moja unaodumu miaka mingi, kama ule wa Japani.

Kisha kuna sarafu, jambo ambalo wengi hulisahau. Mapema 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Mkenya mwenye hisa za Marekani ambazo bei yake haikusogea hata senti alipata faida ya asilimia 30 kwa shilingi. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi karibu na 129, na sehemu kubwa ya faida hiyo ikayeyuka.