Ritungu Mezani kwa Mchoraji

Mwaka 1533 Hans Holbein alichora Wafaransa wawili wamesimama kando ya rafu iliyojaa vitu. Rafu ya chini ina ala ambayo shabiki wa taarabu angeiita udi bila kusita: mgongo wa mviringo, kichwa kilichokunjwa nyuma. Kumbe ni luti, mtoto wa udi aliyeingia Ulaya kupitia Hispania, na vitepe vilivyofungwa shingoni ndivyo vinavyomtofautisha na mzazi wake. Uzi mmoja umekatika. Kanisa la Magharibi lilikuwa linapasuka wakati ule, na uzi huo husomwa kama mapatano yaliyovunjika.

Karne iliyofuata, Evaristo Baschenis (1617–1677), padri wa Bergamo, mara nyingi aliondoa watu kabisa. Alilaza ala juu ya mazulia, akazichorea vumbi lenye alama za vidole. Uholanzi wenzake waliweka fidla pamoja na fuvu la kichwa: sauti hufa ikishapigwa, kama mpigaji wake.

Sasa ilaze mezani hapo ritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, ile inayojulikana kote Tarime na Serengeti.

Kuitambua si kazi rahisi. Mikono miwili inayotoka kwenye bakuli la mti na kuunganishwa juu kwa mti wa kukingama inaonyesha ukoo tu. Ukihesabu nyuzi utapotea: ritungu ina nane, nyatiti ya Wajaluo nane, obokano ya Wakisii nane, endongo ya Waganda nayo nane. Litungu ya Wabukusu, yenye jina linalokaribia kufanana, ina saba. Afadhali uitazame ngozi. Ya kenge itakupeleka Uganda. Ya ng'ombe itakubakiza upande huu wa Ziwa Victoria, ambako itabidi upime ukubwa wa bakuli. Mpaka wa Kenya na Tanzania hausaidii kitu, kwa kuwa mstari wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 uliwakata Wakurya vipande viwili na ala yao ikabaki ileile.

Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipochapisha mpango wao wa kupanga ala mwaka 1914, waliuweka ukoo huu wa bakuli kwenye namba 321.21, pamoja na lyra ya Kigiriki iliyotengenezwa kwa gamba la kobe. Vinanda vya Uru ya kale, vyenye vichwa vya fahali, viko namba ya jirani kwa sababu vina sanduku badala ya bakuli. Mpango ni mzuri, ila ngozi hauiulizi, na kwa Wakurya ng'ombe ndiye mahari na heshima ya boma. Fuvu la Mholanzi lisingeongeza neno hapo.

Meza ya Baschenis ingepoteza jambo lingine: mpigaji. Nyatiti ikilazwa peke yake haionyeshi pete ya chuma ambayo Mjaluo huivaa kidoleni mwa mguu na kugongea ala yake. Ritungu nayo hukosa kigoda, na sauti ya anayesifu watu na mifugo huku akipiga.

Nyuzi, hata hivyo, zingebaki kuwa ushahidi. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ala za ukoo huu hufungwa nailoni, ambayo ilitengenezwa kwanza Marekani mwaka 1935. Picha yoyote yenye nyuzi hizo, hata iwe imefubaa namna gani, haiwezi kuwa ya zamani za Wajerumani.