Zamu ya Saa Kumi Jioni

Septemba 1918, Isaac Starr alikuwa anaanza mwaka wa tatu wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Tarehe 28 jiji likafanya gwaride la kuchangisha fedha za vita. Watu kama laki mbili walibanana barabarani, na siku chache baadaye homa ya mafua ikalipuka. Madaktari na wauguzi wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini. Basi wanafunzi wakapewa mhadhara mmoja kuhusu ugonjwa huo, mmoja tu jamani, wakapelekwa wodini.

Starr alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya dharura, kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Wagonjwa walikuwa wanageuka rangi ya bluu kwa kukosa hewa. Kesho yake akirudi anakuta sura ngeni vitandani, wa jana wamebaki wachache. Hivyohivyo, usiku baada ya usiku. Ndani ya wiki chache jiji lile lilipoteza watu zaidi ya 12,000.

Kumbukumbu hizo alizichapisha mwaka 1976, keshakuwa mtafiti mashuhuri wa magonjwa ya moyo. Miaka 58! Sisemi alinyamaza muda wote, huenda nyumbani walizisikia. Ila namba hiyo imenikaa kichwani, na sababu ni mdogo wangu.

Vyuo vyetu Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Yeye alikuwa anasomea udaktari, akarudi wodini. Mimi mwandishi wa habari nikaona nimepata chanzo. Kila usiku nampigia: wagonjwa wangapi? Oksijeni ipo? Barakoa mnapewa? Anajibu vizuri tu. Siku moja akasema, "Kaka, leo sijala, chakula hakipiti." Nikamwambia pole, nikauliza vitanda vimebaki vingapi.

Mwaka uliofuata aliahirisha masomo. Habari hiyo nilipewa na mama.

Sasa amemaliza, anafanya kazi. Mwezi uliopita nilimsimulia kwa ujumbe habari za Starr na zile sura ngeni za jioni. Alikaa kimya siku mbili, kisha akajibu: "Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi."

Nikampigia. Akaanza na mama mmoja wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akimwita mwanangu.