Sherehe za Nairobi na Takataka Zake

Kila jamii ya wanadamu ina siku zake za furaha. Watu hukusanyika uwanjani, wakala, wakanywa, wakaimba na kucheza, na jua likichwa hurejea makwao. Waandishi wa historia hutuhifadhia majina ya waliohutubu na mambo yaliyotangazwa. Ni nadra wao kutuambia habari za vilivyobaki nyasini. Katika insha hii nataka, msomaji, tuitazame historia ya Nairobi kwa upande huo usiotazamwa, kwa kuwa takataka nazo ni shahidi, tena shahidi asiyejua kusema uongo.

Mahali liliposimama jiji leo palikuwa uwanda wenye maji mengi, na jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Upande wa magharibi, katika vilima vya Dagoretti na Kikuyu, wakulima walikuwa na sherehe zao. Pombe ya muratina ilinywewa kwa pembe na vibuyu. Karamu ilipokwisha, pembe na kibuyu vilirudi nyumbani pamoja na wenyewe. Maganda yalikuwa sehemu ya mbuzi, mifupa sehemu ya mbwa, na majani yakawa mbolea ya shamba. Usidhani, msomaji, kuwa watu hao walikuwa wema kutushinda sisi. Tabia ya mwanadamu ni ile ile. Tofauti ilikuwa katika vyombo: hawakuwa na chombo ambacho hakirudi nyumbani wala hakiozi ardhini.

Reli ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukaota kama uyoga baada ya mvua. Mwaka 1900 iliundwa halmashauri ya kuutunza, lakini mifereji ilikuwa haba na uzoaji wa taka dhaifu. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na wakuu wa wakati huo wakaamuru mtaa uchomwe moto. Nyumba ziliteketea, lakini sababu za maradhi hazikuteketea, na tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Hapa twaliona kosa ambalo mji umelirudia mara nyingi: kuuondoa uchafu mbele ya macho na kudhani kuwa umekwisha.

Tangu uhuru, viwanja vingi vya sherehe kubwa vimekuwa katikati ya jiji na upande wake wa magharibi na kusini-magharibi. Bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, ambao sasa huitwa Uhuru Gardens. Mwaka 1969 ilifunguliwa bustani ya Uhuru Park, karibu na maofisi makubwa ya jiji. Katika Jamhuri Park, kando ya barabara ya Ngong, wakulima na wafanya biashara wamekuwa wakifanya maonyesho yao, na wanafunzi wengi wamekwenda huko kwa mabasi ya shule.

Kwa miaka mingi, kinywaji cha watoto katika mikusanyiko hiyo kilikuwa soda ya chupa ya kioo. Aliyetaka kuondoka na chupa aliilipia. Alipoirudisha, alirudishiwa pesa yake. Chupa ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa upya. Mtu akiiacha chini, mtoto mwenye macho makali aliiokota mara moja, maana ilikuwa fedha. Hapakuwa na haja ya askari wala tangazo. Thamani ya chupa yenyewe ndiyo iliyokuwa mlinzi wa uwanja.

Baadaye ikaja plastiki. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika, na bei yake ilikuwa rahisi mno. Lakini kitu ambacho bei yake si kitu hutupwa bila majuto. Mifuko, vikombe, mirija na chupa zisizorudishwa zilienea viwanjani. Mlinzi wa zamani, yaani thamani, alikuwa ameondoka mahali pake.

Basi tuzifuate takataka hizo hatua kwa hatua. Zile zilizozolewa hupakiwa katika malori na kupelekwa mashariki ya jiji, hadi Dandora, ambapo shimo la machimbo ya mawe lilianza kujazwa taka katika miaka ya 1970. Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo malori hayakukoma. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa habari za uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 waliokaa na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati huo. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Zile zisizozolewa hufuata maji. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukateremka kwenye vitongoji vya magharibi, ukapita katikati ya jiji, kisha ukaelekea Dandora. Maji yake huingia mto Athi, na hatimaye humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Wahenga walisema kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili udhalimu umezidi methali: anayelichuma janga husherehekea magharibi, na anayelila ni mtoto wa mashariki ambaye hata ngoma ya sherehe hakuisikia.

Lakini historia hii ina watu waliokataa. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliupinga kwa barua na kwa sauti. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini mpango uliachwa na bustani ikabaki mali ya watu wote. Katika bustani hiyo hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilitangazwa mbele ya umati mkubwa. Kifungu chake cha 42 chasema kuwa kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kila mtu, wala si mwenye kukaa karibu na bustani peke yake.

Sheria zikafuata. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na adhabu ikawekwa hadi faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za taifa, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Sheria ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale pale zinapotokea.

Wako pia mafundi. Jua kali wa Kamukunji wamegeuza mapipa makuukuu kuwa majiko na masanduku, na magurudumu yaliyochakaa yamekuwa akala. Mwaka 2018 huko Lamu ilishushwa majini Flipflopi, jahazi iliyoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata ikasafiri hadi Unguja. Hizo ni kazi za kusifiwa. Lakini jahazi moja haiwezi kubeba uchafu wa bahari nzima. Kutumia tena ni dawa. Kutozalisha taka ni kinga, na kinga hutangulia dawa.

Kwa hiyo, usafi wa sherehe hauanzi jioni kwa fagio. Huanza siku nyingi kabla, pale wenye sherehe wanapochagua vyombo. Sahani zikiazimwa, zitaoshwa na kurudishwa. Maji yakiwekwa katika mapipa safi yenye mabomba, na kila mtu akija na kikombe chake, chupa hazitahitajika. Mabaki ya chakula, ambayo ni sehemu kubwa ya taka za Nairobi, yakitengwa yatakuwa mbolea. Na kila kinachouzwa ndani ya chupa kikitozwa pesa ya kurudishwa, yule mlinzi wa zamani atarejea kazini.

Wewe, msomaji, huenda huna cheo serikalini wala jijini. Lakini shule yako ina siku ya michezo na siku ya wazazi, na siku hizo zina kamati, na kamati hukosa watu wa kufikiri. Ingia humo. Kabla ya kuuliza ni nani atakayeimba, uliza chakula kitapakuliwa katika nini, na chombo hicho kitalala wapi usiku huo. Kama jawabu ni Dandora, sherehe yenu imekwisha kulipiwa na mtoto ambaye hamkumwalika.