Fedha za kikoba zikipungua, gawanya kwa tisa kwanza

Siku ya kuvunja kikoba ndiyo siku ya ugomvi. Fedha zimemwagwa mezani, daftari linasema kingine, macho yote kwa mweka hazina. Iwe Musoma, Bunda au Butiama, jambo hili si geni. Kabla mtu hajaitwa mwizi, chukueni kiasi kilichopungua mkigawe kwa tisa.

Tuseme mwanachama alileta shilingi 27,000, katibu akaandika 72,000. Sanduku litapungua 45,000, na 45,000 inagawanyika kwa tisa bila baki. Aliyeleta 14,600 ikaandikwa 16,400? Tofauti ni 1,800, nayo inagawanyika. Tarakimu zikibadilishana nafasi, ni lazima iwe hivyo.

Sababu iko kwenye nafasi. Katika 27, ile 2 ni makumi mawili. Ukiihamishia kwenye mamoja, kila kumi linabaki moja, yaani linapoteza tisa. Ile 7 nayo inapanda, kila moja likawa kumi, linaongeza tisa. Kutoka makumi kwenda mamia ni tisini, ambayo ni tisa mara kumi. Kila tarakimu inapohama, inahama kwa matisa.

Kwa hiyo nguvu hiyo si ya tisa yenyewe. Inatoka kwenye desturi yetu ya kuandika kwa makumi. Kuna lugha zenye alama ya kuhesabu kwa matano, vidole vya mkono mmoja. Kwa Kijaluo, kinachosemwa Rorya, tano ni abich, moja ni achiel, na sita ni auchiel. Sikiliza ile moja ndani yake. Kwa Kikisii, ng'ambo ya mpaka, sita ni isano nemo, tano na moja. (Kiswahili chetu kiliazima sita, saba na tisa kwa Waarabu, alama hiyo haionekani.)

Kama daftari lingeandikwa kwa matano, samaki 13 wangeandikwa 23: matano mawili na watatu. Geuza iwe 32, unapata 17. Tofauti ni nne, na nne ndiyo ingefanya kazi ya tisa. Simu yako, ndani kwa ndani, inahesabu kwa mawili, kwa 0 na 1 tu. Huko kazi ingebaki kwa moja, ambayo inagawa kila namba, hivyo isingekuambia lolote.

Samaki wenyewe hawabadiliki. Sita kwa matano huandikwa 11. Inaishia na moja, lakini watu wawili bado watagawana samaki watatu watatu. Shufwa ni shufwa, na 13 ni namba tasa kwa mwandiko wowote.

Turudi kwenye sanduku. 45,000 gawanya kwa tisa ni 5,000. Tafuteni mstari wenye tarakimu mbili jirani, za makumi elfu na maelfu, zinazopishana kwa tano, kama 7 na 2. Tafuteni pia 50,000 ambayo huenda ilikuwa 5,000 ikaongezewa sifuri, maana kosa hilo nalo huacha tofauti ya matisa.

Lakini jibu hili halimsafishi mtu. Aliyechukua 9,000 naye anapita kwenye tisa. Linawapa mahali pa kuanzia kuangalia, mkiwa na risiti na vitabu vya wanachama. Ikibaki baki, kosa si la tarakimu mbili kugeuzana peke yake: angalieni mstari ulioandikwa mara mbili, au mkopo uliotolewa bila kuandikwa.