Nacimbusa na Kambi ya Shaba

Historia ya uzazi katika Katanga haitengani na historia ya shaba. Mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, na kwa miaka mingi Union Minière iliajiri vibarua kwa mikataba mifupi, wake zao wengi wakibaki vijijini. Huko mwanamke alijifungulia mikononi mwa wazee wa kike. Miongoni mwa Wabemba mzee huyo huitwa nacimbusa, na ndiye pia amfundaye msichana unyagoni. Hivyo mzazi alikwisha kumjua mkunga wake miaka kadhaa kabla ya uchungu kumshika. Jambo hili, kwa maoni yangu, wakoloni hawakulitia maanani ipasavyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Vifo vya kambini na uhaba wa watu viliifanya itake mfanyakazi akae na mkewe, na watoto wazaliwe papo hapo. Chini ya daktari Léopold Mottoulle, kambi zikapata nyumba za kuzalishia, upimaji wa watoto wachanga, na posho (wenyeji husema mposho) kwa mke na mtoto. Vifo vya watoto vilipungua, hilo halikanushiki.

Lakini kijijini mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu huku akijitenga na mumewe, ili mtoto asidhurike. Kiswahili cha pwani kina neno lake: kubemenda. Katika Kongo ya Wabelgiji, madaktari na wamisionari wengi waliuona mwiko huo kuwa kizuizi cha uzazi, wakahimiza kuachisha ziwa mapema. Kumbe ndio uliokuwa ukimpumzisha mama kati ya mimba na mimba.

Tena, huduma hiyo yote ilipitia nambari ya kazi ya mume. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, utaratibu haukubadilika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na familia nyingi zikapoteza matibabu ya kampuni. Wanawake ambao wao wenyewe walizaliwa kambini wakalazimika kutafuta fedha za kujifungulia. Kurudi kwa nacimbusa hakukuwa rahisi, kwani wengi hawakupata kuishi katika kijiji ambako angepatikana.