Kompyuta na Uamuzi katika Ujenzi wa Jumba la Opera la Sydney, 1957–1973

Katika historia ya ujenzi ya karne ya 20, ni miradi michache inayodhihirisha kama Jumba la Opera la Sydney, nchini Australia, namna kompyuta ilivyoingia katika kazi ya kukadiria, kupanga na kuamua, ambayo hadi wakati huo wasanifu majengo, wahandisi na wakandarasi waliifanya kwa karatasi, rula na uzoefu. Mradi huo hukumbukwa zaidi kwa gharama yake, iliyopanda kutoka makadirio ya dola milioni 7 za Australia hadi dola milioni 102, na kwa kuchelewa kwake miaka 10. Ukichunguzwa kwa upande wa maamuzi, hata hivyo, unaonyesha kwamba hesabu ya kompyuta hufaa pale inapomfikia mwamuzi ambaye bado ana nafasi ya kubadili nia.

Mwaka 1957 Jørn Utzon, msanifu majengo wa Denmark, alishinda shindano la kimataifa kwa michoro ya paa la magamba makubwa ya zege, ambayo umbo lake halikufuata kanuni yoyote dhahiri ya jometri. Joseph Cahill, kiongozi wa serikali ya jimbo la New South Wales, alichelea kwamba siasa zingeweza kuuzima mradi, akashikilia kazi ianze mapema. Hivyo ujenzi wa jukwaa, yaani sehemu ya chini inayobeba kumbi na paa, ulianza Machi 1959, ilhali wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walikuwa bado hawajui paa lingesimamaje. Paa lilipopatiwa ufumbuzi, nguzo zilizokwisha kujengwa zilibainika kuwa dhaifu kwa uzito wake, ikabidi zijengwe upya.

Kati ya 1957 na 1963 maumbo yasiyopungua 12 yalijaribiwa, na kompyuta, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni katika uhandisi wa majengo, ilitumika kukokotoa nguvu ambazo kila gamba lingelazimika kuzihimili. Mwaka 1961 ulipatikana ufumbuzi wa magamba yote kukatwa katika tufe moja lenye nusukipenyo cha takriban mita 75. Kwa kuwa mpindo ulikuwa mmoja kila mahali, mbavu za zege ziliweza kumiminwa vipande vipande katika kalibu zilezile, kisha zikapandishwa na kuunganishwa juu; kwa njia hiyo kazi iliyoelekea kushindikana ikawa na vipimo vinavyorudiwa na gharama inayokadirika.

Wakati wa kuunganisha matao yaliyoundwa na mbavu hizo, kompyuta ilitumika tena. Kila jioni wapimaji walibainisha mahali zilipo pini za matao, na vipimo hivyo vikaingizwa kwenye kompyuta ili tao linalofuata liwekwe mahali pake kesho yake. Hapa uamuzi ulikuwa mdogo na ulihusu kazi ya siku moja, lakini ulitolewa kabla kipande hakijapandishwa, kinyume kabisa na ule wa jukwaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mradi wa Sydney ulipokuwa ukianza, huko Marekani Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walibuni mbinu ya njia muhimu, yaani ya kutumia kompyuta kutambua mfululizo wa shughuli ambazo ikichelewa mojawapo, mradi mzima huchelewa. Miongo kadhaa baadaye ukaja mfumo wa kielelezo cha kidijitali cha jengo, unaokusanya vipimo na taarifa za vifaa mahali pamoja, ambao tangu Aprili 2016 serikali ya Uingereza imeutaka katika miradi ya umma inayoagizwa na serikali kuu.

Zana hizo zimewezesha mgongano wa bomba na boriti kuonekana kwenye kioo cha kompyuta kabla fundi hajamwaga zege. Hata hivyo, hakuna programu inayoweza kumzuia mwenye mradi kuamuru msingi uchimbwe kabla michoro haijakamilika, na nguzo za Sydney zilijengwa upya kwa sababu ya amri ya namna hiyo.