Fahamu: Baiolojia bila bando, kwa kompyuta moja na samaki wa Tanganyika

Je, wajua mwalimu wa Rusimbi, Kigoma, anaweza kufundisha uteuzi asilia bila intaneti darasani?

Tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa 2002, inatoa bure majaribio ya kwenye skrini. Unapakua mara moja tu. Jaribio moja lina sungura weupe na wa kahawia: ongeza mbwa mwitu, badilisha mazingira, uone nani anabaki.

Ila usiishie hapo. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, akiwemo kuhe. Wengine hukwangua mwani kwenye mawe, wengine hula magamba ya wenzao. Leta samaki kutoka mwaloni, wanafunzi walinganishe midomo. Mtihani wa vitendo hauna skrini.